Titi limevimba, lakini sioni goroli

SWALI: Shikamoo Nesi. Nina miaka 46, kitindamimba wangu yuko darasa la tano. Mwezi uliopita titi la kushoto lilivimba ghafla, likawa zito na la moto, ngozi ikafanya vitundu kama ganda la chungwa. Nimejipapasa, sioni goroli. Zahanati walinipa antibayotiki, nikamaliza, wakanipa nyingine. Wifi yangu anasema ni jipu, nilikande liive. Naweza kusubiri mpaka tuuze korosho?
Mama wa Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usisubiri, na kukanda acha leo hii.

Anayenyonyesha titi likimvimba na kuwaka moto, tunafikiria maambukizi kwanza. Wewe hunyonyeshi, na dozi mbili zimepita. Ya tatu sitaki hata kuisikia! Ipo saratani ya titi, adimu, inayojifanya maambukizi: chembe zake huziba vijia vya limfu, yale majimaji ya mwili, kwenye ngozi, titi likajaa. Mara nyingi haina goroli la kushika. Na kwa ngozi zetu hizi usitafute wekundu. Yaweza kuwa zambarau, au weusi uliokolea kuliko titi la pili.

Sisemi unayo. Nasema upimwe wiki hii, maana hii inakwenda mbio, na ikigundulika huwa tayari hatua ya tatu au ya nne.

Nenda hospitali ya Ligula, Mtwara, au ya Ndanda ukiona ndiko kwepesi. Beba maboksi ya dawa ulizomeza, daktari ayaone. Watakupiga altrasaundi, pengine na mamografia, yaani eksirei ya titi, ila jibu lenyewe linatoka kwenye kinyama kidogo watakachokutoa titini wakipime. Waombe wachukue na kipande cha ngozi pale ilipobadilika, utachomwa ganzi. Ikionekana ni saratani, kinyama hichohicho hupimwa kama kina vipokezi vya homoni na protini iitwayo HER2, kwa sababu dawa huchaguliwa kwa majibu hayo. Usiondoke bila kuuliza majibu yanatoka lini.

Ikithibitika, usishangae wasipokukimbiza tiata. Hii huanza na dripu za kemotherapi, uvimbe unywee, ndipo titi litolewe lote pamoja na tezi za kwapani, halafu mionzi. Atakayetaka kuanza na kisu, mwombe akueleze sababu. Mionzi huenda ukaifuata hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, na ni ya wiki kadhaa, kwa hiyo anza mapema kuulizia ndugu wa kufikia kwake.