Zinki imeingia kwenye hamira, au imenata nje?

SWALI: Naotesha hamira ya mikate kwenye mchuzi wa YPD (chakula cha hamira chenye dondoo ya hamira, peptoni na sukari) wenye zinki miligramu 0, 50, 100 na 200 kwa lita, mililita 50 kila chupa, nyuzijoto 30. Kwenye 200, spektrofotomita (mashine inayopima ukungu wa mchuzi kwa mwanga) inasoma 0.15 hata kabla sijatia hamira. Halafu hamira niliyoichemsha ikafa imebeba zinki nyingi kuliko iliyo hai. Nakosea wapi?
— Mwanafunzi wa bayokemia

JIBU: Hiyo 0.15 ni mashapo. Fosfeti iliyomo kwenye mchuzi hushikana na zinki, hasa pH ikikaribia 7 au ukivipika pamoja kwenye otoklevu, chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu. Chembe zake hutawanya mwanga kama seli, kisha huzama pamoja na seli kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha), kwa hiyo zinaharibu vipimo vyote viwili, cha ukuaji na cha zinki. Weka tone chini ya hadubini: seli za hamira zina umbo la yai, upana wa maikromita 5 hivi, nyingine zina chipukizi ubavuni. Mashapo ni vumbi lisilo na umbo, na ukitia tone la EDTA, kemikali inayoshika metali, yanayeyuka huku unayaona.

Shusha mchuzi hadi pH 5. Yeyusha gramu 4.40 za salfeti ya zinki yenye molekuli 7 za maji, ujazo ufike mililita 100. Hapo kila mililita ina miligramu 10 za zinki. Chuja kwa kichujio cha maikromita 0.2, utie mchuzi ukishapoa: mililita 0.5 kwa chupa yako ni miligramu 100 kwa lita. Wengi hupima uzito wa chumvi wakidhani ni wa zinki, kumbe zinki ni asilimia 22.7 tu ya chumvi hiyo.

Sifurisha spektrofotomita kwa mchuzi wenye kiwango kilekile cha zinki. Usomaji ukipita 0.4, zimua kwa mchuzi huo, usome tena, uzidishe. Juu ya hapo mashine hupunja idadi ya seli, na mchoro wako utaonyesha ukuaji umesimama wakati bado unaendelea.

Hamira iliyochemshwa si kipimo linganishi kizuri. Joto hupasua utando, zinki ikapenya na kushikana na protini na fosfeti za ndani bila kipingamizi. Tumia seli hai zilizokaa kwenye barafu, zinki ileile, muda uleule. Kwenye baridi usafirishaji karibu unasimama, kwa hiyo kinachobaki zaidi ni zinki iliyonata ukutani. Toa hiyo kwenye thamani ya nyuzijoto 30.

Kuosha ndiko kunakoamua. Chukua mililita 20 za mchuzi wenye seli, zungusha kwenye sentrifuji dakika 5 kwa 3,000 g (mara 3,000 ya nguvu ya uvutano), osha mara moja kwa EDTA ya milimola 10 kwa lita yenye baridi, kisha mara mbili kwa maji yasiyo na ioni. Kausha kwenye tyubu ya kioo uliyokwisha kuipima, nyuzijoto 105, hadi uzito usibadilike. Mmeng'enyo, yaani kuyeyusha seli kwa asidi: mililita 2 za asidi ya nitriki kali, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, nyuzijoto 95 kwa saa 2, kisha jaza maji hadi mililita 25. Soma kwa AAS (mashine inayopima metali kwa mwanga inaoufyonza) kwenye nanomita 213.9, viwango vya kulinganishia viwe na asidi kiasi kilekile.

Mfano: seli kavu miligramu 40, umezimua mara 10, mashine inasoma miligramu 0.8 kwa lita. Zidisha 0.8 × 10 × 0.025 upate miligramu 0.2 za zinki, yaani miligramu 5 kwa kila gramu ya seli. Mililita 20 za mchuzi wa 100 zilikuwa na miligramu 2, basi 1.8 ilipaswa kuonekana kwenye mchuzi uliobaki na maji ya kuoshea. Pima hayo pia. Hesabu isipofunga, tafuta mashapo kwanza.

Chupa ya 0 nayo haina sifuri: dondoo ya hamira na peptoni vina zinki yake, kwa hiyo pima mchuzi mtupu. Loweka vyombo usiku kucha kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10. Epuka glavu za mpira zenye unga na vizibo vya mpira, maana oksidi ya zinki hutumika kuimarisha mpira, na mguso mmoja kwenye mdomo wa tyubu unatosha kupandisha usomaji.