Ukipewa kuchora lango la kumbukumbu la chuo, anza na mtembea kwa miguu

Kijana mmoja, msanifu majengo, ameniandikia. Kamati ya chuo imemrudishia michoro ya lango la kumbukumbu kwa sababu jina la marehemu halisomeki kutoka barabarani. Ujumbe wake umenichoma, maana maneno hayohayo niliwahi kuambiwa mimi.

Langu lilikuwa la kumkumbuka mwalimu aliyefundisha chuoni hapo mpaka kufariki. Nilichora nguzo nne za mawe: katikati njia ya magari, ya kutosha gari la zimamoto, na pembeni milango miwili ya wanaotembea. Jina nililiweka usawa wa macho, likachongwe ndani ya jiwe ili kivuli cha jua kilikoleze. Kamati ikataka tao kubwa, herufi za rangi juu, na milango ya pembeni ifutwe, eti ni kupoteza pesa. Tulivutana sana. Niliwaeleza kwamba tao la mawe husukuma nguzo zake kwenda nje, na nguzo nyembamba walizozipenda zisingelihimili. Nikawauliza ni wanafunzi wangapi wanaokuja chuoni kwa gari. Kimya.

Milango ile ikajengwa, na ndiko wanafunzi wanakopita kila asubuhi. Siku ya uzinduzi walishukuriwa wote, hata waliokodisha viti. Mimi sikutajwa. Naliandika hili bado likiniuma, lakini lango lile ni kazi yangu na ninajivunia.

Kilichonipa ujasiri ni Sather Gate la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lililokamilika mwaka 1910. Jane Sather alilitoa kumkumbuka mumewe, Peder, na mchoraji alikuwa John Galen Howard. Wakati huo barabara ya Telegraph iliishia hapo, na tramu zikigeuza mbele yake. Baadaye chuo kikapanuka kuelekea kusini, lango likajikuta ndani. Magari yameondoka, wanafunzi bado wanapita katikati ya nguzo zake. Wewe unayechora leo, jua kwamba barabara unayoipigia hesabu inaweza kuhamishwa. Mchoree anayetembea.

Uliza pia nani atashika ufunguo. Lango la FitzRandolph la Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, la mwaka 1905, lilikuwa likifungwa isipokuwa kwenye shughuli kubwa, hadi wahitimu wa 1970 walipotaka libaki wazi. Lango la kumkumbuka mtu, halafu watu hawapiti! Hilo lisemwe kwenye kikao cha kwanza, kabla hujashika penseli.

Kwako kijana: usirudi kwenye kamati na michoro mitupu, hawatakuelewa. Chukua ubao, andika jina kwa ukubwa wake halisi, usimamishe palepale nguzo itakapokuwa, kisha waombe wajumbe washuke kwenye magari na walisogelee kwa miguu.