Filamu ya kwanza ukiwa kidato cha tano: anza na kazi ya mikono

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza uanzie wapi kutengeneza filamu fupi ukiwa na simu ya kuazima na likizo ya Desemba mbele yako. Nilianza katika umri huohuo hapa Mtwara, nami nakusihi jambo moja: usianze na hadithi ya maneno mengi; anza na kazi ya mikono unayoifahamu tangu mwanzo hadi mwisho wake.

Kazi huwa na mpangilio wake yenyewe. Anayebangua korosho huzikaanga kwanza ili kuondoa mafuta ya ganda, ambayo huunguza ngozi, kisha hupaka majivu mikononi, hugonga ganda, hutoa kiini na kumenya utando wake. Kila hatua ni picha moja, na mtazamaji huelewa kinachofuata bila kuambiwa, hivyo linalobaki kwako ni kumweka mtu mmoja anayetaka kitu kimoja. Katika filamu yangu ya kwanza bibi yangu alikuwa akibangua korosho uani kwake Newala, na mjukuu aliyetoka bweni alisimama pembeni akitafuta namna ya kuomba fedha za mchango wa shule. Bibi hakumjibu, alimsogezea kigoda na kijiti cha kugongea, naye akakaa, akaanza kazi. Hapakuwa na mazungumzo mengine, lakini ndugu waliotazama walijua kwamba ombi limekubaliwa na kwa sharti gani. Naipenda filamu ile hadi leo kwa sababu bibi hakuigiza, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao sisi wanafunzi, pamoja na bidii yetu yote, tusingeweza kuuleta. Hata katika picha ambazo ndugu Lumière wa Ufaransa, miongoni mwa waanzilishi wa sinema, walizionyesha jijini Paris mwaka 1895, walikuwamo wafanyakazi wakitoka kiwandani: kamera imetulia mahali pamoja, na picha nzima haifiki dakika moja.

Kwa kuwa simu haziruhusiwi shuleni, tumia muhula huu kuchora kila picha katika daftari: ya mbali inayoonyesha uwanja, ya karibu inayoonyesha mikono, kisha ya uso. Ukiwapiga watu wawili wanaotazamana, kamera ibaki upande uleule wa mstari unaowaunganisha, la sivyo wataonekana wote wanatazama upande mmoja.

Jua la Desemba saa sita mchana huku kwetu huwa karibu na utosi, na macho ya mtu huzama katika kivuli. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, au umkalishe mhusika chini ya mkorosho. Bonyeza kioo cha simu na ushikilie mpaka kiwango cha mwanga kifungwe, ili simu isibadilishe mwangaza kila mkono unapopita. Ukipiga usiku chini ya taa za umeme, chagua picha 25 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na kasi ya picha 30 huweza kuzifanya taa zionekane zikipepesa.

Sauti ndiyo itakayokutaabisha zaidi, maana mvua zitakuwa zimeanza, na chini ya bati linalonyeshewa halisikiki neno. Rekodi kwa simu ya pili iliyo karibu na mzungumzaji, na upige kofi mbele ya kamera mwanzoni mwa kila picha. Utakapohariri, oanisha mlio huo na viganja vinapokutana. Rekodi pia dakika nzima ya uwanja ukiwa hauna msemaji, kwa ajili ya kuziba mapengo.

Omba ridhaa ya kila mhusika, na kwa mwanafunzi mwenzako, ya mzazi wake. Jando na unyago huangukia likizo katika vijiji vingi. Ngoma ya hadharani waweza kuiombea ruhusa, lakini yanayofundishwa ndani usiyapige, hata mtu mmoja akikuruhusu. Ukitaka kuionyesha filamu hadharani, mwone kwanza afisa utamaduni wa halmashauri akueleze utaratibu wa Bodi ya Filamu.

Nijulishe ni kazi gani hufanyika nyumbani kwenu, iwe uchongaji, ufinyanzi au ususi wa mikeka, nami nitakusaidia kuipanga picha kwa picha kabla shule hazijafungwa.