Vyandarua Vilivyotoboka

SWALI: Shikamoo mhariri. Ninaendesha nyumba ya wageni Bagamoyo, njia ya Kaole. Mgeni mmoja ameandika kwenye Google kwamba vyandarua vyetu vimetoboka. Je, naweza kuyafuta maoni hayo?

JIBU: Marahaba. Huwezi kuyafuta mwenyewe, wala Google haiyaondoi kwa sababu tu yanauma. Huondoa yanayokiuka kanuni zake, kama vile matusi au maoni ya kughushi. Kwanza vikague vyandarua (pengine mgeni hakusema uongo), kisha mjibu hadharani kwa jina la biashara, kwa sentensi mbili tatu za staha, ukieleza ulichorekebisha, kwa kuwa jibu hilo litasomwa zaidi na wateja watarajiwa kuliko mlalamikaji mwenyewe. Usiwaombe ndugu zako wajifanye wageni na kukumwagia sifa: kanuni zinakataza, na wasomaji hung'amua upesi.