Tuliongeza kasi ya intaneti, mbona waifai ya mkutano bado iligoma?

SWALI: Ndugu mtaalamu, nasimamia mifumo ya kompyuta kwenye kampuni inayoandaa mikutano na maonyesho ya kimataifa. Mkutano wetu wa mwisho ulikuwa na wajumbe 1,200 katika ukumbi mmoja. Tulilipia laini ya megabiti 500, lakini saa tatu na nusu asubuhi, ufunguzi ulipoanza tu, waifai ikagoma. Simu zilionyesha mistari yote ya mtandao ila hakuna kilichofunguka, na nyingine zilikwama zikitafuta anwani ya IP. Kwenye meza ya usajili foleni ilifika nje. Fundi aliyekuja ameshauri tununue laini ya gigabiti moja na boosta nane, na bosi ameshakubali. Je, tuko sawa?

JIBU: Hapana. Na kama hela bado haijatoka, izuie leo.

Kabla hujaongea tena na huyo fundi, mwombe mtoa huduma wenu grafu ya matumizi ya laini kwa siku ile. Nitashangaa ukikuta imegusa hata megabiti 150. Grafu za namna hiyo nimeziona nyingi na zinafanana: mstari unapanda taratibu watu wakiingia, unafika kileleni ukumbi ukiwa nusu, halafu wote wakishaketi unaporomoka. Wajumbe wako walipokuwa wananung'unika, sehemu kubwa ya laini mliyoilipia ilikuwa imelala. Sasa mnashauriwa kununua nyingine ya mara mbili, ili nayo ilale.

Hili swali napokea karibu kila wiki, na kosa ni lile lile. Watu wanaichukulia laini na waifai kama kitu kimoja. Laini inaishia kwenye rauta. Kutoka hapo kwenda kwenye simu ni hewa ya ukumbini, na hewa hiyo ni ya kugawana. Kwenye chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa ya redio, kifaa kimoja tu ndicho husema kwa wakati mmoja. Vingine vyote husikiliza, hungoja kimya, ndipo vijaribu. Viwili vikijaribu pamoja vinagongana, na kila kimoja kinalazimika kurudia. Simu 40 kwenye chaneli moja zitapeana zamu bila shida. Zikiwa 400, muda mwingi unaishia kwenye kugombea zamu yenyewe. Ile mistari iliyojaa inakuambia kwamba simu inaisikia akses pointi (kifaa kinachorusha waifai) kwa nguvu, basi. Lini itapata nafasi ya kusema, hiyo ni habari nyingine.

Sasa hizo boosta. Boosta ya kawaida husikia pakiti ya data na kuirusha tena, mara nyingi kwenye chaneli ile ile, kwa hiyo kila neno linasemwa mara mbili kwenye hewa ambayo tayari imejaa. Nane za namna hiyo ni kama kuleta wakalimani wanane ambao hawatafsiri chochote, wanarudia tu alichosema msemaji. Nyumbani, kwa chumba kimoja cha mbali, sina ugomvi nazo. Ukumbini ni sumu. Niliwahi kuitwa kwenye maonyesho fulani siku ya pili asubuhi, nikakuta boosta zimechomekwa ukutani kila baada ya hatua chache, taa za kijani zinawaka, mwenyewe anajivunia. Nilichomoa moja baada ya nyingine huku nikitazama skrini ya laptopu. Nilipofika ya tano, kurasa zilianza kufunguka. Sikuongeza kitu chochote siku ile.

Kuhusu waliokwama kwenye anwani ya IP, ile namba ambayo kila kifaa hupewa kikiingia mtandaoni, hilo ni tatizo la pili, na ni rahisi. Bila shaka seva yenu ya DHCP, ile inayogawa anwani hizo, iliachwa na mpangilio wa ofisini: anwani 254, kila moja ikikodishwa kwa saa 24 au zaidi. Mjumbe anakuja na simu na laptopu, kwa hiyo wajumbe 130 wa mwanzo wanatosha kumaliza ghala lote, na aliyepita mlangoni dakika mbili akaondoka bado ameishikilia anwani yake hadi kesho. Simu nazo zimebadilika: tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya 2020, hutumia utambulisho wa kubuni kwa kila jina la mtandao, hivyo mtu akihama kutoka jina moja kwenda jingine anahesabiwa mgeni mpya. Tumia kinyago cha mtandao (namba inayoamua anwani ziwe ngapi) cha 255.255.240.0 upate anwani 4,094, punguza muda wa kukodisha uwe saa moja, na zuia vifaa vya wageni visizungumze vyenyewe kwa vyenyewe.

Majina, nayo, yapunguzwe. Kila jina la mtandao hutangazwa na kila akses pointi takribani mara kumi kwa sekunde, na matangazo hayo hupita kwa mwendo wa chini kabisa unaoruhusiwa. Mdhamini mkuu atataka jina lake, waandishi wa habari lao, wasemaji lao. Mdhamini mpe bango. Majina mawili yanatosha, matatu ukibanwa sana.

Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Zima masafa hayo kwenye akses pointi nyingi, wajumbe wakae kwenye gigahezi 5, kwa chaneli nyembamba za megahezi 20. Ulaya hapo unapata chaneli 19, ingawa nyingi zinatumiwa pia na rada, na akses pointi ikisikia rada lazima ihame mara moja. Ukumbi ukiwa karibu na uwanja wa ndege, jaribu mapema. Punguza nguvu ya kurusha. Najua inasikika kinyume, lakini akses pointi inayopiga kelele ukumbi mzima inazinyima zamu nyingine zote. Zima miendo ya zamani ya megabiti 1 na 2. Ukiweza, zishushe akses pointi kutoka darini, hata chini ya viti, maana mwili wa mtu umejaa maji na maji hunywa mawimbi: wajumbe wenyewe wanakuwa kuta zako. Mimi huhesabu vifaa 60 hadi 75 kwa redio moja, siangalii ukubwa wa chumba.

Na kwa kuwa mnahama nchi hadi nchi na masanduku yenu, badilisheni nchi kwenye mipangilio kila mnapofika, maana masafa yanayoruhusiwa si yale yale kila mahali. Gigahezi 6, kwa mfano, Marekani ilifungua masafa yote kutoka megahezi 5925 hadi 7125 mwaka 2020. Umoja wa Ulaya mwaka uliofuata ulifungua sehemu ya chini tu, hadi 6425.

Meza ya usajili haikupaswa kabisa kuwa kwenye waifai. Kompyuta na printa za beji ziende kwa kebo, kwenye VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa na wa wageni, na orodha ya wajumbe iwe na nakala ndani ya mashine ili kazi iendelee hata laini ikikatika.

Usidhani haya huwapata wadogo tu. Juni 2010 Steve Jobs alikuwa jukwaani akionyesha iPhone 4, kurasa zikakataa kufunguka mbele ya ukumbi mzima. Alisema mle ndani kulikuwa na vituo 570 vya waifai, vingi vikiwa vifaa vya watazamaji wenyewe, akawaomba wavizime. Kampuni tajiri kiasi hicho, na bado hewa ilikuwa imejaa.

Kwenye mwanya huo ndipo matapeli wanaingia. Atakuja mwenye programu ya "kuongeza kasi", mwenye antena ya ajabu, na hatari kuliko wote, mwenye kifaa cha kuua mitandao ya watu binafsi ili yenu ipumue. Huyo mfukuze. Mwaka 2014 kampuni ya hoteli ya Marriott ilitozwa dola 600,000 na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, kwa kuzuia hotspoti za wageni kwenye kituo chake cha mikutano Nashville, na mwaka uliofuata kampuni ya intaneti za kumbi, Smart City, ikakubali kulipa 750,000 kwa jambo hilo hilo. Anayekuuzia kifaa hicho hatakuwepo mkaguzi akifika.

Kwa hiyo mpelekee bosi ile grafu, kisha mwite fundi wenu mkiwa wote watatu. Muulize akses pointi ziwe ngapi, kila moja iwe kwenye chaneli gani, irushe kwa nguvu kiasi gani, na anwani ziwe ngapi. Akianza tena na gigabiti, mshukuru na umsindikize mlangoni.