Hofu ya Magari kwa Mwendesha Baiskeli wa Mombasa

Hofu ya magari haiondoki kwa kuambiwa ujipe moyo. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikienda kazini kwa baiskeli kutoka Kisauni hadi Mwembe Tayari, na ninaloweza kumwambia mwenzangu anayeitamani barabara huku akiiogopa ni kwamba ana haki ya kuogopa, ila mara nyingi anaogopa upande usio wenyewe. Wengi wetu hushtushwa na gari la nyuma kwa kuwa hatulioni, ilhali mjini hatari nyingi hutokea mbele na ubavuni: tuktuk inayokata kona bila ya ishara, mlango wa gari lililoegeshwa unaofunguliwa ghafla, au matatu inayokimbilia abiria.

Matatu husomeka. Makanga akishaning'inia mlangoni akitazama kando ya barabara na kupiga bati la gari kwa kiganja, ujue dereva yu karibu kukata kushoto, hata kama hapo si stejini. Usijipenyeze kati yake na ukingo, kwa maana mlango uko upande huohuo na abiria wanaoshuka hawakutazamii. Ngoja nyuma yake. Hasara yake ni nukta chache tu, nami sijaona siku ambayo kungoja huko kulinichelewesha kazini.

Malori ya kontena yanayotoka bandarini kupitia Changamwe yanataka heshima ya namna nyingine. Trela likipinda kushoto, magurudumu yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, bali hukata ndani zaidi na kuufunga uwazi ambao muda mfupi uliopita ulionekana kukutosha. Ikiwa huuoni uso wa dereva katika kioo chake cha pembeni, naye hakuoni, basi baki nyuma.

Wanaoanza hupenda kujibana kabisa kwenye ukingo wa lami wakidhani ndipo penye usalama. Huko ndiko kwenye mchanga, vipande vya chupa na mashimo, na dereva akiona umejibana hushawishika kukupita hapohapo hata kama nafasi haitoshi. Mimi huacha takriban mita 1 kutoka ukingoni, na kiasi hichohicho kutoka kwa magari yaliyoegeshwa, kisha naenda moja kwa moja bila kuyumba, ili aliye nyuma ajue niko wapi na nitaendelea kuwa wapi.

Ujuzi uliopunguza hofu yangu kuliko kofia na taa (ambavyo ni vya lazima, hasa taa nyekundu ya nyuma) ni kugeuza kichwa na kutazama juu ya bega la kulia bila baiskeli kuhama njia. Ufanyie mazoezi Jumapili asubuhi na mapema, katika barabara ya Mama Ngina au vichochoro vya Nyali, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na wa pili ukitoa ishara, mpaka mwili uzoee. Dereva anayeona umemtazama, kwa uzoefu wangu, aghalabu hupunguza mwendo.

Daraja la Nyali liache kwanza. Upepo wa Kusi unapovuma, lori likikupita hukukinga upepo huo kwa muda mfupi, kisha likishapita upepo hurudi kwa kishindo na kukusukuma ubavu. Legeza viwiko, ushike usukani kwa uthabiti bila kuukaza, na usitazame maji. Siku ambayo foleni imekaza na moyo unakwenda mbio, shuka uisukume baiskeli kwenye njia ya waendao kwa miguu hadi Kongowea, kisha upande tena pale magari yanapopungua. Wazee wanaobeba samaki kwa baiskeli hufanya hivyo mpaka leo, nao wameizoea njia hiyo kunishinda.