Ndoo ya kuchachushia bia: loweka, usisugue

Ndoo nyingi za plastiki za kupikia bia nyumbani haziharibiwi na bia. Zinaharibiwa na ile sponji yenye upande wa kijani, au stili waya ya sufuria, mikononi mwa mtu anayependa usafi. Plastiki ni laini. Ukiisugua kwa nguvu inakwaruzika, na mkwaruzo ambao hata jicho halioni ni chumba na sebule kwa bakteria. Dawa ya kuua vijidudu ikipita juu yake haifiki chini. Karibu kila nitakachosema hapa kinatokana na hilo: ndoo ya bia inalowekwa, haisuguliwi.

Napika jikoni kwangu Leeds, kwa miaka kadhaa sasa. Uingereza, tangu 1963 mtu anayepika bia ya kunywa nyumbani hahitaji leseni. Akianza kuuza, hayo ni mengine. Mlioko Dar, Arusha au Nairobi, angalieni kwanza sheria ya huko inasemaje. Ninazo ndoo mbili za lita 25 zenye namba 2 ndani ya alama ya pembetatu pale kitakoni, maana yake ni aina ya plastiki iitwayo HDPE. Nyingine madukani zina namba 5, yaani PP. Zile chupa kubwa zinazoonyesha ndani mara nyingi ni namba 1, PET. Geuza chombo chako usome kabla hujakimwagia maji ya moto, nitarudi kwenye sababu.

Shangazi yangu wa Kilimanjaro, ambaye amepika mbege maisha yake yote, alinisikia kwenye simu nikieleza haya akaniuliza, “Baba, hiyo pombe yako ni ya wagonjwa?” Ana haki ya kucheka. Mbege ya ndizi na ulezi huwekwa msesewe, gome la mti linaloipa uchungu, ikachachuka, ikanywewa siku hizo hizo ingali inatoa mapovu. Uchachu ni sehemu ya ladha yake, na wanaouleta ni pamoja na bakteria wa jamii ya laktobasili, ambao pia hugandisha maziwa. Pale hawa ni wafanyakazi, si wezi. Bia ya chupani ni kitu kingine. Unaifunga na kuiacha wiki kadhaa, pengine miezi. Bakteria wachache waliojificha kwenye mkwaruzo wanapata muda wa kuzaliana na kula ile sukari ambayo chachu ya bia imeshindwa kuila. Wengine, na chachu za mwituni pia, wanatoa gesi. Ndipo unafungua chupa bia inaruka hadi darini, au chupa inapasuka yenyewe kabatini usiku. Shangazi hajawahi kupata tatizo hilo kwa sababu mbege yake haifiki Jumatatu.

Kuna kazi mbili hapa na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuondoa uchafu. Ya pili ni kuua vijidudu. Ya pili haifanyiki kama ya kwanza haijakamilika, kwa sababu dawa inakutana na utando wa machicha na mabaki ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, inaishia hapo juu, na walioko chini yake wanaendelea na maisha.

Anza siku ile ile unayojaza chupa. Machicha yakiwa mabichi yanaondoka kwa maji ya vuguvugu na kitambaa laini. Yakikauka kwa siku mbili, ule ukanda wa kahawia ulioachwa na povu juu ya usawa wa bia unashika sana, na hapo ndipo watu wanaikimbilia sponji ya kijani. Machicha yenyewe yanafaa kwenye mboji, ila kama una mbwa, usimwachie ayafikie. Hopsi ni sumu kwa mbwa, hata kiasi kidogo kinaweza kumuua.

Baada ya kusuuza, loweka. Mimi natumia sodiamu pakaboneti, ile poda nyeupe inayouzwa kama dawa ya madoa ya nguo isiyo na klorini. Ikiingia kwenye maji inagawanyika: upande mmoja inatoa haidrojeni peroksaidi inayoachia oksijeni na kubandua uchafu, upande wa pili inabaki soda ya kufulia, ndugu wa karibu wa magadi ya Ziwa Magadi. Kijiko kimoja cha mezani kwa kila lita nne kinatosha, kwa maji ya moto ya bombani, nyuzi 50 hivi. Kwenye maji baridi inafanya kazi kwa uvivu. Vaa glavu, inakausha ngozi vibaya.

Sasa jambo ambalo maelekezo ya paketi hayasemi: jaza ndoo mpaka ukingoni. Ukanda mchafu uko juu ya mstari wa lita 23, kwa hiyo ukijaza hadi pale bia ilipokuwa unaloweka mahali palipo pasafi tayari. Weka ndoo bafuni, jaza, tumbukiza mfuniko humo humo hata ukielea, nenda kalale. Usiufunge mfuniko juu ya maji hayo, kwa sababu oksijeni inaendelea kutoka na inahitaji njia. Asubuhi ukanda unaondoka kwa kidole. Maji hayo yamekwisha nguvu kufikia hapo, yamwage, usiyaweke kwa ajili ya kesho.

Najua kuna mahali ambapo lita 25 za maji ya kulowekea tu ni anasa, hasa wakati wa mgao. Fanya hivi: changanya lita tatu au nne, lowesha vitaulo vya zamani, uvibandike kuzunguka ukanda ule kwa ndani, na kila unapopita uvimwagie tena kwa kikombe. Inachukua muda zaidi lakini inafika.

Epuka poda yenye manukato. Plastiki inafyonza harufu na haiiachii kirahisi. Bia yenye harufu ya lavenda ya dobi sijui utamkaribisha nani. Sabuni ya vyombo isiyo na harufu haina ubaya mkubwa ukisuuza sana, lakini mabaki yake yanaua povu la bia, kwa hiyo siitumii ndani ya ndoo kabisa.

Maji ya Leeds ni laini, yanatoka kwenye mabwawa ya milimani, kwa hiyo ndoo zangu hukauka zikiwa safi. Walio London na maji yao magumu hubaki na unga mweupe ndani ya ndoo baada ya kuloweka. Ule ni chokaa, hauondoki kwa kusugua. Suuza kwa siki nyeupe iliyozimuliwa au maji yenye asidi sitriki, unayeyuka wenyewe.

Nimetaja siki, basi niseme na hili. Siki na jiki havikutani. Kamwe, hata kwenye ndoo uliyoisuuza harakaharaka. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha si mahali pa kujifunzia kemia.

Jiki yenyewe inaua vijidudu vizuri na inapatikana hadi dukani kwa Mangi. Kama ndiyo uliyonayo, chukua isiyo na manukato, kijiko kimoja cha mezani kwa lita nne za maji baridi, acha dakika 20, kisha suuza na usuuze tena kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Shida yake ni kwamba mabaki ya klorini hukutana na viambato vya kimea na chachu yakazaa klorofenoli, na ulimi unaitambua hata ikiwa sehemu chache tu kwa bilioni. Bia inanuka plasta ya kidonda. Haiponi kwa kukaa. Ndiyo maana niliachana na jiki mara nilipopata kitu kingine.

Kitu hicho ni Star San, kitakasa chenye asidi fosforiki. Mililita moja na nusu kwa lita moja ya maji, dakika moja au mbili za kulowana, unamwaga na kuweka bia juu yake bila kusuuza. Povu linalobaki linawatisha wageni wote, lakini kwa kiasi hicho halidhuru bia wala mnywaji. Kinachodhuru ni kulisuuza kwa maji ya bomba na kurudisha kile ulichokuwa unakiua. Huhitaji kujaza ndoo. Weka kwenye chupa ya kupulizia, pulizia kuta zote, funga mfuniko, tikisa. Usiiache tu ndani ya mipira ya kuhamishia bia siku nyingi, inaifanya inate.

Kuhusu maji yanayochemka, jibu langu ni hapana. HDPE haiyeyuki kwa nyuzi 100 lakini inalegea, na mfuniko ukishapinda kidogo haufungi tena. Namba 1, ile PET, huanza kulegea kwenye nyuzi 70 hivi na hujikunja mbele ya macho yako. Zaidi ya hapo, kubeba ndoo ya lita 20 za maji yanayochemka kutoka jiko hadi bafu, nyumba ina watoto, sikushauri hata kama plastiki ingekuwa ya chuma.

Tuje kwenye koki, kwa sababu hapo ndipo tatizo lilipo mara nyingi na hakuna anayepatazama. Mtu anakuja kwangu analalamika kwamba ndoo inang'aa na bado bia inachacha. Namwambia alete koki. Koki nyingi za plastiki ni vipande viwili: mwili, na kile kipande cha ndani kinachozunguka unapofungua. Viloweke kwenye maji ya moto, siyo yanayochemka, dakika tano, kisha sukuma kipande cha ndani kwa kidole gumba kutoka chini. Kinachomoka. Mara ya kwanza watu wengi wanakuta tope la kijivu lenye harufu ya siki, limekaa humo tangu wanunue. Bia yao yote ilikuwa inapita juu yake kwenda kwenye chupa.

Kwa hiyo kila baada ya bia, koki inatoka kwenye ndoo, inavuliwa vipande, inalowekwa pamoja na mfuniko. Washa ya mpira, kile kipete cha kuzuia mvujo, inatoka pia, na zile hesi za skrubu zinapigwa kwa mswaki laini ambao kazi yake ni hiyo tu. Hapo mswaki naruhusu, kwa sababu koki ni bei ya soda na ndoo siyo. Ukisharudisha kila kitu, fungua koki upitishe kitakasa ndani yake, usipulizie nje tu. Halafu kuna mdomo wa koki. Ukichota bia kidogo katikati ya wiki kupima uzito wake, yaani kujua sukari imebaki kiasi gani, matone yanabaki pale mdomoni wazi, kwenye joto la chumba, yakiwasubiri inzi wa matunda. Pulizia kitakasa kila baada ya kuchota, funika kwa plastiki ya chakula, na pulizia tena kabla ya kujaza chupa.

Mfuniko una mfereji unaokalia ukingo wa ndoo, na kile kiduara cha mpira kinachoshika kidhibiti hewa, kifaa kinachotoa gesi bila kuingiza hewa ya nje. Vyote vinatunza uchafu. Toa mpira, usafishe pande zote.

Watu wananiuliza kuhusu harufu. Ndoo iliyopikiwa bia yenye hopsi nyingi itanuka hopsi daima, mafuta yake yameingia kwenye plastiki, na haileti madhara yoyote kwa bia inayofuata. Harufu ya siki au ya maziwa yaliyolala ni habari tofauti. Ifunge ndoo kavu kwa siku moja, fungua, nusa mara moja, pua itakuambia. Lakini kama ndani ya nyumba kuna mtu anayetengeneza achari ya pilipili, ndoo ya bia ifichwe. Kuna rafiki yangu ambaye ndoo yake iliazimwa wiki moja tu, na kila bia yake baada ya hapo ilikuwa na kaharufu ka harusi ya Kihindi.

Ndoo safi ikaushwe imeinamishwa, hewa ipite chini. Usiifunge ikiwa na unyevu, utakuta ukungu. Na usizipachike moja ndani ya nyingine kuokoa nafasi. Kitako cha ya juu kinakwaruza kuta za ya chini kila unapozitenganisha, na umerudi kwenye stili waya bila kuishika. Hali kadhalika mwiko, vifuniko vya chupa na takataka nyingine ambazo watu huhifadhi humo.

Namna ya kujua imefika mwisho: washa tochi ndani ya ndoo gizani, tazama kwa pembeni. Mikwaruzo inajitokeza. Michache juu ya usawa wa bia naivumilia. Ikiwa mingi kitakoni, au bia mbili mfululizo zimechacha kwa namna ile ile wakati koki umeshaibadilisha, usibishane nayo. Ndoo mpya bei yake ni ndogo kuliko kimea na hopsi utakazomwaga. Ile ya zamani naiandikia CHUPA kwa kalamu isiyofutika, ubavuni na kwenye mfuniko, inakuwa ya kulowekea chupa na kubandua lebo. Bila maandishi hayo mtu wa nyumbani ataisafisha vizuri kabisa na kuirudisha kazini.